Mchezaji bora wa pool duniani mnampimaje? Tusigombane, leteni vigezo

#1 Mkasi wa Mabatini
Wakuu, habari za jioni.

Jana tumekaa hapa Mabatini, Mwanza, mpaka saa sita usiku. Taa ya meza imeshazimwa, tunabishana tu. Jamaa mmoja kashikilia kwamba Efren Reyes wa Ufilipino ndiye mkubwa kuliko wote waliowahi kushika fimbo. Mwingine anasema Efren ni habari za wazee, vijana wa sasa kama Joshua Filler na Fedor Gorst wangemla tisa bila.

Mimi nikawaambia mbona jibu lipo: tuhesabu ubingwa wa dunia wa mipira 9 (ule unaopiga kwa mpangilio wa namba, anayetumbukiza wa 9 anachukua gemu), maana huo ndio mchezo wa wakubwa. Earl Strickland wa Marekani anao mara tatu, 1990, 1991 na 2002. Gorst anao mara mbili, 2019 na 2024. Efren anao mmoja tu, wa 1999. Kwa hiyo Strickland ndiye baba lao.

Walinizomea mpaka nikaondoka. Naleta kwenu: kama si mataji ya dunia, mnapima kwa nini?

#2 Nyakato Boy
Efren. Uzi ufungwe.

#3 Chaki ya Bluu
Mkasi, hoja yako ni nzuri ila ina mashimo zaidi ya meza yenyewe. Kwanza umeruka watu. Johnny Archer anayo mawili, Chao Fong-pang wa Taiwan mawili, Thorsten Hohmann mawili, Albin Ouschan mawili, Carlo Biado wa Ufilipino mawili (2017 na 2025). Ukihesabu mataji peke yake, wote hao wanampita Efren, na sidhani kama kuna hata mmoja wao anayeweza kukubali kwamba anampita.

Pili, mashindano hayo ya dunia yameanza 1990. Efren amezaliwa 1954. Umri wake mtamu wa kucheza ulipita kabla hakijawekwa kikombe cha kugombea.

Tatu, huo mwaka 1999 wenyewe ulikuwa na mabingwa wawili. Efren alishinda kule Cardiff, na Nick Varner akashinda Alicante, Hispania, kwa sababu waandaaji walikuwa wamegawanyika. Sasa hapo utahesabu vipi?

#4 Hesabu Tu
Salaam wadau. Mnabishana kwa mataji wakati kipimo kipo. Kuna mfumo unaitwa FargoRate. Unachukua gemu, si mechi. Kila gemu uliyoshinda au kufungwa, na ulicheza na nani, inaingia kwenye hesabu. Ukimzidi mtu alama 100, maana yake kwenye kila gemu tatu unatarajiwa kushinda mbili. Ukimzidi 200, unashinda nne kila anaposhinda moja. Wakubwa wa dunia wote wako juu ya 800.

Nimekaa nikapiga hesabu mwenyewe. Chukua mtu anayemzidi mwenzake alama 20, tofauti ambayo kwa macho huioni. Mechi ya wa kwanza kufikisha 9, atashinda kama mara 61 kati ya 100. Sasa mpe mashindano ya watu 128, ukifungwa unatoka, kwa hiyo ashinde mechi saba mfululizo. Uwezekano wake wa kubeba kombe ni kama 3 katika 100. Hata akiwa anamzidi kila mpinzani alama 50, ni kama 15 katika 100.

Yaani mtu aliye bora kweli anaweza kucheza miaka mingi bila ubingwa wa dunia na asiwe na kosa lolote. Mkasi, wewe unahesabu bahati.

#5 BabaZuhura
Hesabu Tu, nakuheshimu sana, ila mpira mweupe, ule unaogongwa na fimbo, ukilala nyuma ya mpira wa 8 hiyo FargoRate haikutoi.

Tafuteni video ya Reno, 1995, mashindano ya Sands Regency, Efren na Strickland. Gemu ya mwisho, wamelingana. Efren hauoni mpira wa 5, umefichwa. Mtu mwingine pale anatafuta namna ya kuugusa tu asipate faulo. Yeye akaupiga mweupe ukagonga kingo mbili, ukachora kama herufi Z, ukautumbukiza 5, halafu ukasimama mahali pa kuupiga 6. Nimeiangalia zaidi ya mara mia. Kila nikiiangalia naangalia uso wa Strickland.

Ndiyo maana wanamwita Mchawi. Siku hizi kila bingwa kijana anajua kupiga kwa kingo, na wengi wamejifunza kwa kumtazama yeye. Kwangu mimi kipimo ni hicho: nani alibadilisha namna wengine wote wanavyocheza?

#6 Nyakato Boy
Si nilisema?

#7 MswahiliDoha
Nawasalimu kutoka Qatar. Mimi nimeona kwa macho. Desemba 2018 ubingwa wa dunia ulikuwa hapa Doha, klabu ya Al Arabi. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, rafiki yangu Mfilipino akanivuta twende fainali. Jukwaa limejaa ndugu zake, wote wanamshangilia Biado. Upande wa pili yupo Filler, kijana wa Kijerumani wa miaka 21.

Jamani, yule kijana hasimami. Mpira haujatulia kwenye shimo, yeye keshainama kwenye unaofuata. Mwanzoni nilidhani ana wasiwasi, anakimbilia kumaliza. Kumbe ndiyo mwendo wake. Alishinda 13 kwa 10. Nilichokumbuka mpaka leo ni sauti ya mpasuo wake, lile pigo la kwanza la kutawanya mipira. Haukuwa mkubwa kama ninavyousikia kwenye baa za kwetu, ulikuwa mkavu, halafu mpira wa pembeni unaenda shimo lilelile kila mara.

Yule Mfilipino alilia njiani. Lakini nikamuuliza: leo hii, si zamani, nani bora? Akasema Filler. Kwa hiyo mimi naona mnachanganya maswali mawili. Bora wa leo na mkubwa wa wakati wote ni watu wawili.

#8 Kibokoni84
MswahiliDoha umenena, ndugu yangu.

Mimi niongeze la meza. Huku kwetu Mombasa ipo baa moja, siitaji jina, meza yake imeinama kidogo upande wa dirishani. Mgeni akija, hata awe nani, anafungwa. Wenyeji wanajua ukipiga polepole kuelekea shimo la kati mpira unapinda. Walahi nimemwona bingwa wa mtaa mwingine analia pale. Sasa tukisema fulani bora, bora kwenye meza ipi?

#9 Fundi Meza
Kibokoni umegusa kazi yangu. Miaka 14 natengeneza meza: nabadilisha kitambaa, raba za kingo, nasawazisha jiwe.

Wengi humu tumekulia meza ya futi 7 ya kutumbukiza sarafu. Mipira ni midogo, kama milimita 51, na mweupe ni mdogo zaidi ya mingine, ndivyo meza inavyoutambua na kukurudishia ukitumbukia. Wakubwa wanacheza futi 9, mpira ni milimita 57, na mashindano makubwa ya sasa mdomo wa shimo ni inchi 4. Hapo haipiti mipira miwili kwa pamoja. Ukigusa tu kona ya mdomo, unatemwa.

Enzi za Efren akiwa kijana mashimo yalikuwa mapana zaidi na kitambaa kilikuwa kizito, kinataka mkono wenye nguvu na mahesabu tofauti. Vitambaa vya sasa vinateleza kama kioo. Kwa hiyo unapowalinganisha Efren na Gorst unalinganisha mkulima wa jembe na wa trekta. Mimi kama fundi nakwambia: kila kizazi kimeshinda meza yake.

#10 Mkasi wa Mabatini
Fundi Meza, asante. Hili la mweupe kuwa mdogo sikuwahi kujua sababu yake, nimecheza miaka kumi.

Lakini mkuu, kwa hoja yako hatutapata jibu kamwe.

#11 Mzee wa Ilala
Vijana, mnasahau kwamba pool si mipira 9 peke yake. Kabla ya hapo wakubwa walikuwa wakicheza ule mchezo wa kutaja mpira na shimo, unaendelea kutumbukiza mpaka ukosee, ukibaki mpira mmoja, mingine inapangwa upya unaendelea. Willie Mosconi alitumbukiza mipira 526 mfululizo, Springfield, Ohio, mwaka 1954. Rekodi hiyo ilikaa zaidi ya miaka 60. John Schmidt akaipita 2019, akafika 626. Halafu Jayson Shaw wa Scotland 2022 akapiga 714.

Mimi nasema mpeni mtu meza, aachwe peke yake, tuone atakosea lini. Hapo hakuna bahati ya kupasua wala ya kufichiwa.

#12 Chaki ya Bluu
Shikamoo Mzee wa Ilala. Ila namba hizo tatu hazifanani. Mosconi alicheza kwenye meza ya futi 8, ila alikuwa kwenye onyesho la kawaida, mbele ya watu, siku hiyohiyo. Schmidt na Shaw walicheza futi 9, lakini walitenga siku nyingi za kujaribu tena na tena, ukikosea unaanza upya, mpaka rekodi ivunjike. Kila mmoja alikuwa na ugumu wake na wepesi wake.

#13 Mzee wa Ilala
Marahaba. Hapo umenishika. Lakini 526 kwa jaribio lisilopangwa, mbele ya watu, mimi bado namweka Mosconi juu.

#14 Dada wa Kona
Kurasa zote hizi hakuna hata mmoja aliyetaja mwanamke.

Allison Fisher wa Uingereza alikuwa bingwa wa dunia wa snuka kwa wanawake mara saba, akahamia Marekani kwenye pool, akachukua ubingwa wa dunia wa mipira 9 mara nne: 1996, 1997, 1998 na 2001. Mkasi, kwa kipimo chako cha #1, huyu ana manne na Strickland ana matatu. Baba lao au mama lao?

Mimi nacheza. Nikiingia sehemu yenye meza, kitu cha kwanza naulizwa namsubiri nani. Nikiweka sarafu yangu mezani kushika zamu, mara mbili imesogezwa nyuma. Nikicheza, wananyamaza. Kwa hiyo hii hoja ya "waliowahi kushika fimbo" mnapoisema, muwe mnaimalizia.

#15 Mkasi wa Mabatini
Dada, nimekosea na nakiri. Allison nilikuwa simjui kabisa. Nimetafuta video zake usiku huu, mkono wake hautikisiki hata kidogo.

#16 Usa River
Mimi nasimama na Shane Van Boening, na nashangaa tumefika #16 hajatajwa.

US Open ya mipira 9 ameshinda mara tano: 2007, 2012, 2013, 2014, 2016. Sawa na Strickland, hakuna mwingine aliyefikisha tano. Ubingwa wa dunia ulimkataa miaka na miaka. 2016 akafika fainali, akafungwa na Ouschan. 2022, Milton Keynes, akakutana na Ouschan huyohuyo fainali, akamfunga 13 kwa 6.

Na huyu ni mtu asiyesikia vizuri tangu kuzaliwa, anavaa vifaa vya masikio. Mdogo wangu wa mwisho naye ni kiziwi. Nilipomwonyesha Shane kwenye simu, akaniuliza kwa ishara kama na yeye anaweza. Siku hizi ndiye anayenipangia mipira nikifanya mazoezi, na mpasuo wake umeshaupita wangu.

Kipimo changu: miaka mingapi umekaa juu bila kushuka. Kuanzia 2007 mpaka 2022 ni miaka 15.

#17 Hesabu Tu
Usa River, mpe dogo salamu zangu.

Hoja ya kudumu juu naiunga mkono, inakubaliana na hesabu, maana bahati haidumu miaka 15.

#18 Sarafu Mia
Nyie wote mnazunguka. Bora ni anayelipwa zaidi. Mpira wa miguu hivyo, ngumi hivyo.

#19 BabaZuhura
Sarafu Mia, kwenye pool pesa inadanganya. Mwaka 2006, Reno, Efren alishinda mashindano ya IPT World Open ya mipira 8, zawadi dola 500,000. Mashindano yakaisha, waandaaji wakatangaza kwamba pesa hawana. Wachezaji wakaja kulipwa kidogo kidogo. Gorst alipochukua ubingwa wa dunia Jeddah 2024, alimfunga Eklent Kaçi 15 kwa 14, akapata dola 250,000. Ingekuwa kipimo ni pesa, gemu ile moja ya mwisho ndiyo ingeamua nani bora, na Kaçi alikuwa mipira michache tu nyuma.

#20 Chaki ya Bluu
Niongezee kwa BabaZuhura. Viwango vya ziara ya sasa ya mipira 9 vinapangwa kwa pesa ulizoshinda. Waandaaji wa ziara na shirikisho la dunia wamekuwa na mgogoro, kuna wachezaji waliofungiwa kwa sababu tu walicheza upande huu au ule. Ni ileile ya 1999, Cardiff na Alicante, imerudi. Kama wote hawakutani kwenye meza moja, orodha ya pesa inakuambia nani alialikwa wapi.

#21 Kibokoni84
Na Mkasi, kuhusu taji la tatu la Strickland, la 2002. Unajua fainali ile ilikuwaje? Francisco Bustamante alipata habari mashindano yakiendelea kwamba binti yake mchanga amefariki nyumbani. Akabaki, akacheza mpaka fainali, akafungwa 17 kwa 15. Ubingwa akaja kuupata 2010, hapo Doha kwa ndugu yetu.

Simnyang'anyi Strickland kombe lake, alilishinda mezani. Lakini mtu akiniuliza siku ile nani alicheza pool kubwa zaidi, sitaji aliyebeba kombe.

#22 Mkasi wa Mabatini
Hii sikuijua. Nimekaa kimya kidogo.

#23 Nyakato Boy
Sasa niseme kwa urefu maana mmenichokoza. Hong Kong, Desemba 1996. Efren na Strickland wanakutana, wa kwanza kufikisha gemu 120. Siku tatu. Zawadi dola 100,000, aliyefungwa haondoki na kitu. Efren aliachwa nyuma sana, akarudi mdogo mdogo, akashinda 120 kwa 117.

Hesabu Tu amesema mechi fupi ni bahati. Haya, hiyo si fupi.

#24 Hesabu Tu
Nyakato Boy, nimefurahi umeileta. Chukua wale wale wanaozidiana alama 20. Kwenye mechi ya 9, mkubwa anashinda mara 61. Kwenye mechi ya 120, anashinda kama mara 86. Kwa hiyo ndiyo, mechi ndefu inachuja zaidi. Lakini bado mara 14 katika 100 aliye dhaifu kidogo anashinda, na matokeo yenyewe ya 120 kwa 117 yanasema walikuwa sawa. Gemu tatu katika 237.

#25 Chaki ya Bluu
Hesabu Tu, hesabu zako zinadhani kila gemu inasimama peke yake. Kuna mashindano aliyeshinda ndiye anayepasua tena. Hapo mtu akishika moto mwenzake anakaa kwenye kiti anatazama. Strickland, Dallas 1996, alisafisha gemu 11 mfululizo, kulikuwa na ahadi ya dola milioni moja kwa atakayefikisha 10. Mpinzani alifanya kosa gani? Alikaa. Pia mashindano mengi makubwa mwanzoni ukifungwa mara moja hutoki, kuna upande wa pili wa kupitia. Ile 3 katika 100 inapanda.

#26 Hesabu Tu
Sahihi. Hilo la upande wa pili nililiacha makusudi ili hesabu isiwe ndefu. La kupasua tena nitalifanyia kazi, linabadilisha mambo, sijui kwa kiasi gani mpaka niketi.

#27 Sarafu Mia
Nje ya mada kidogo: huku kwetu tumeambiwa tena pool marufuku saa za kazi. Vijana wakikamatwa mchana wanaonekana wahuni, wakati fundi Efren mwenyewe alikulia kwenye ukumbi wa pool wa ndugu yake Manila.

#28 Dada wa Kona
Na akilala juu ya meza usiku, kwa wanavyosimulia. Vijana wakipigwa marufuku mchana wapewe na mahali pa kujifunza jioni, pawe pa wote.

#29 Usa River
Dada wa Kona, ukipita Arusha nitafute. Dogo anatafuta mtu wa kumfunga, mimi ameshanizoea.

#30 Dada wa Kona
Nakuja mwezi ujao. Aanze kunywa maji.

#31 Mkasi wa Mabatini
Wakuu, nimewasomea wale jamaa wawili uzi wote kuanzia #1. Wa Efren anasema ameshinda, wa Gorst naye anasema ameshinda. Tumekubaliana Jumamosi wacheze wao wenyewe, wa kwanza kufikisha 21, wanapokezana kupasua. Mmoja anacheza kwa niaba ya Efren, mwingine kwa niaba ya Gorst.

#32 Fundi Meza
Mkasi, hiyo meza ya hapo Mabatini imesawazishwa lini?

#33 Mkasi wa Mabatini
Tangu iletwe haijaguswa mkuu. Mguu mmoja umewekewa kigae.

#34 Fundi Meza
Niko Mwanza mpaka Jumapili. Nakuja Ijumaa na pima maji. Hicho kigae msikitoe mpaka nifike.